Homa Yangu ya Kila Ijumaa

Mwezi uliopita nilipanda Musienene kumlilia Mama Mbambu, na kabla sijakaa vizuri kwenye benchi binti yake akaniuliza mama yake nilimjulia wapi. Wengine wote mle ndani walikuwa na majibu mafupi: huyu aliimba naye kwaya moja, yule alilima shamba la kupakana na lake, wale wawili waliuza viazi pamoja naye siku za soko. Mimi nikasema, "Tulifungwa pamoja." Benchi nzima ikageuka. Ikabidi nieleze haraka kwamba si gereza, ni kule Beni, mwaka wa Ebola, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na Ebola. Binti akapiga makofi. "Aah! Kumbe njo weye wa fièvre!" Akaniletea sahani ya maharagi iliyojaa kupita za wengine wote. Nikala huku nimeudhika kidogo. Miaka yote hiyo, nguo zote nilizowashonea watu wa mlima ule, na bado midomoni mwao mimi ni homa. Na kwa vile niliisikia ile habari ikisimuliwa upya mchana kutwa, kila mara na makosa mengine, nimeona afadhali niiseme mwenyewe.

Mwaka ule nilikaa Mususa, mtaa wa Butembo, kwa dada yangu mkubwa, Yaya Masika, katika chumba cha mbele ambacho mchana kilikuwa atelier yangu ya kushona na usiku kilikuwa mahali pa kulala. Kitanda kilisimama ubavuni mwa cherehani, na kati yao pazia la kikwembe kilichopauka. Nyuma ya ukuta wa mbao kulikuwa jiko, kwa hiyo niliishi na moshi wa makaa, harufu ya sombe ya majani ya muhogo, na mazungumzo yote ya Yaya Masika, ambaye hajui kusema chini chini hata kanisani. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kunizungusha zaidi ya mwaka kabla ya kupata jina. Jicho la kushoto lilififia, likarudi. Miguu ikafa ganzi, ikarudi. Siku moja sindano ya cherehani ilinipita kidoleni na mimi nikajua tu nilipoona damu kwenye libaya, blauzi ya mteja. Butembo walinitibu malaria, kisha typhoïde, kisha minyoo, kisha malaria tena. Mwishowe binamu yangu wa Goma akanivusha hadi Kigali, nikaingizwa katika ile mashine inayopiga kelele kama mafundi bati, na daktari mmoja mpole akaniambia kwa Kifaransa kwamba ni sclérose en plaques: kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia neva zangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani na jina hilo. Yaya Masika alilisikiliza mara tatu.

"Plaque? Plaque ya moto ao ya gari?"

"Yaya, hapana plaque ya moto. Ni madoa, kwa ubongo."

"Sasa juu ya nini baliiita plaque?"

Nilichoka na swali hilo kuliko nilivyochoka na ugonjwa. Mtaa mzima uliuliza, kwa maana kwetu plaque ni kibao cha namba cha gari au cha pikipiki, tunayoiita moto. Fundi wa pikipiki wa mkabala aliniuliza kwa heshima kabisa kama ile plaque ni ya Uganda ama ya Kongo.

Dawa yenyewe ilikuwa sindano, moja kila juma, ya kujichoma pajani. Daktari alisema wazi kwamba haiponyeshi. Inazuia tu mashambulizi mengine. Alisema pia, kama mtu anayetaja jambo dogo mlangoni wakati mgeni anaondoka, kwamba miezi ya kwanza ningeweza kusikia "kama mafua kidogo". Nimemsamehe daktari yule mambo mengi, lakini si yale mafua kidogo. Tulichagua Ijumaa jioni ili Jumamosi nilale na Jumapili niweze kwenda Misa. Ijumaa ya kwanza nilijichoma, nikajisifu kwa kutolia, nikala viazi na mboga ya lenge-lenge, nikaoga. Kabla sijamaliza kuvaa, baridi ikanishika mgongoni. Nikaanza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga cherehani, na mkasi uliokuwa juu ya meza ukawa unalia kama kengele. Mifupa iliuma, meno yaliuma, hata nywele, kama inawezekana, ziliuma. Yaya Masika akaingia na taa, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaurudisha kama aliyegusa sufuria.

"Hii ni malaria."

"Hapana malaria. Ni dawa."

"Dawa haifanyake vile. Ni malaria."

Akaniletea vidonge vya malaria. Nikavikataa. Akaleta majani ya kujifukiza. Nikamwambia daktari amesema paracétamol na maji mengi. Akaleta paracétamol, maji mengi, na majani ya kujifukiza. Kesho yake nililala nyuma ya pazia, mdomo una ladha ya kutu, nisiyeweza kuvumilia harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, yaliyokuwa yanakaangwa, na nikamsikia jikoni akimenya viazi na mama wa jirani.

"Yaani mutu anatoka Kigali muzima," alisema Yaya, "anajichoma shindano yeye mwenyewe, njo anagonjwa."

"Na banamuambia ni dawa?"

"Banasema ni dawa. Dawa inaponyesha mutu. Yenye inamugonjesha iko na jina ingine, na weye unajua ile jina."

Nilitaka kupiga kelele. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na hoja. Kila Ijumaa, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nikijigonjesha ili nisigonjwe, na hata mimi nilipolisema kwa sauti lilisikika kama maneno ya mtu aliyerogwa. Leo, nikiwa natembea na fimbo lakini natembea, naweza kueleza vizuri sana kwamba faida ya dawa ya namna ile haionekani, kwa sababu faida yake ni lile jambo ambalo halikutokea. Wakati ule nilichoona ni homa tu. Lile ambalo halikutokea huwezi kumwonyesha Yaya Masika.

Halafu ikaja habari ya friji. Dawa ilitaka baridi, na umeme wa kwetu mnaujua. Kasereka, mwenye boutique ya pembeni, alikuwa na friji ya kuuzia sucré, yaani soda, na jenereta ya kuiwasha, akakubali kuniwekea boksi langu katikati ya chupa. Ila aliizima jenereta kila wateja walipopungua, nami nikawa naenda kumkumbusha kama mtu anayedai. Mwaka ule kila kitu cha hospitali kilikuwa kesi. Ebola ilikuwa imeingia mjini, watu walikuwa wakizikwa na watu waliovaa plastiki, wengine walisema ugonjwa upo, wengine walisema ni biashara ya wakubwa, na kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya chlore ya kunawia mikono. Siku moja mteja aliyefungua friji kutafuta Fanta akaona sindano. Jioni, mtaani, ilikuwa imekwisha kuwa chanjo ya Ebola ambayo Katungu, yaani mimi, anawachoma watu kwa siri. Kasereka akaja na boksi ameliviringisha ndani ya gazeti.

"Katungu, mudogo wangu, ukamate vitu vyako."

"Kasereka, unajua hii ni ya nini. Nilikueleza."

"Miye najua. Lakini bale bavijana hapana kujua, na duka ni yangu."

Sikuweza kumlaumu, ndiyo maana niliudhika mara mbili. Nikaenda kwa masista wa parokia, wakanipa sehemu ndogo kwenye friji yao, chini ya nyama. Kila nilipokwenda kuchukua sindano, sista mzee aliniuliza kama homa bado inakuja, nikisema ndiyo anasema, "Pole," kisha anauliza kama nimejaribu kitunguu saumu.

Boksi jipya lilikuwa lije kwa ndege kutoka Goma mpaka Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni, siku ya Alhamisi. Nilipanga vizuri: Alhamisi nashuka Beni, napokea, narudi, Ijumaa najichoma ile ya mwisho iliyobaki, napumzika. Alhamisi ndege haikuja. Ijumaa haikuja. Nikajichoma Ijumaa jioni kama desturi, na Jumamosi alfajiri binamu yangu akapiga simu kwamba ndege inaruka sasa hivi na barafu haitangojea mtu. Yaya Masika alikataa nisiende. Nikaenda. Nilijifunika kitenge kizito, nikameza paracétamol, nikapanda gari la abiria, na kwenye vizuizi vya Ebola vya kwenda hakuna aliyenishtukia. Mavivi nilipokea boksi lililozungushiwa vipande vya barafu ndani ya ndoo ya plastiki, nikaliweka mapajani, nikajiona mshindi. Nikasahau kwamba paracétamol nayo ina mwisho.

Kurudi, tulipotoka tu Beni, tuliteremshwa wote tunawe mikono. Kijana mmoja mwenye kipimo cha joto, kile cha kuelekezea kwenye paji la uso kama bastola, alipima wa mbele yangu, akapita. Akanipima mimi, akatazama, akanipima tena.

"Mama, usimame kidogo pembeni."

"Hapana ugonjwa. Nilichoma dawa jana. Ni dawa njo inaleta fièvre."

"Dawa ya nini?"

"Ya sclérose en plaques."

Akamwita mwenzake. "Anasema iko na dawa ya plaque."

Abiria wenzangu walikuwa wamekwisha kurudi nyuma hatua kadhaa, hata yule mama aliyekuwa amelala begani mwangu tangu tuondoke stendi. Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na mwisho, hasira iliponipanda, kwa Kinande. Nilionyesha ndoo. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mtu mwenye homa, anayetetemeka, ambaye anafungua ndoo yenye sindano katikati ya barabara, hatulizi mtu. Daktari kijana akaja, akanisikiliza mpaka mwisho, na kusema kweli alikuwa wa kwanza mwaka ule kunisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nakuelewa. Pengine uko na haki. Lakini thermomètre haina masikio."

Wakanipeleka kule walikowatenga watu wanaosubiri vipimo. Gari likaondoka na kiti changu kitupu.

Chumba kilikuwa cha mbao na plastiki nyeupe: kitanda, ndoo, chupa ya maji, na dirisha la plastiki ngumu linalotazamana na chumba kingine kama hicho. Harufu ya chlore iliingia mpaka ndani ya chakula. Wauguzi waliingia wamefunikwa mwili mzima, majina yao yameandikwa kifuani kwa kalamu nzito ili tujue tunaongea na nani. Hofu yangu, naisema sasa, haikuwa kwamba nina Ebola. Ilikuwa kwamba sina, na nitaipata hapo hapo. Ndoo yangu iliwekwa nje, juani. Nilimwomba kila aliyepita aiweke kwenye baridi. Kila mmoja alisema ataona. Hakuna kitu kilichotoka kule bila ruhusa na hakuna aliyejua ruhusa hiyo ni ya nani. Nikawa nimekaa kitandani nalia kwa hasira, ndipo nikasikia sauti ya mwanamke kutoka upande wa pili wa plastiki.

"Weye wa kulia. Balikupa chumvi?"

"Nini?"

"Kwa maharagi. Miye bananiletea maharagi haina chumvi. Uulize yako."

Huyo ndiye Mama Mbambu. Alikuwa mkulima wa Musienene, Mprotestanti wa kwaya, amefika Beni kumtembelea mwanawe, akashikwa na homa na kutapika, na mwanawe mwenyewe akaita ambulance. Hilo lilimuuma kuliko homa. Uso wake niliuona nusu nusu kwenye lile dirisha: kilemba cha buluu, mashavu mapana, macho ya mtu anayepima viazi. Aliniuliza nina nini. Nikavuta pumzi, nikaeleza tena yote, plaque na kila kitu, nikisubiri swali la pikipiki. Hakuuliza. Alisema, "Kumbe ni kama miye na tension yangu." Daktari alikuwa amempa vidonge vya shinikizo la damu vilivyomfanya akojoe bila kupumzika, na siku za soko, kati ya shamba na Butembo, alikuwa akiteremka kwenye pikipiki kila mara kutafuta kichaka, dereva anangoja, magunia yanangoja, watu wanacheka. Kwa hiyo siku za soko aliacha vidonge. Kisha akaacha na siku nyingine.

"Kama umeacha, si utakufa?" nilimwambia.

"Na weye, ukiacha?"

"Miye siachi. Banaichoma jua pale inje."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Siku tulizokaa pale tuliongea mambo ya chumvi, ya watoto wanaoita ambulance, ya nyimbo za Waprotestanti ambazo ni ndefu mno na za Wakatoliki ambazo yeye alisema hazina mwendo. Alinionya nile. Mimi nilimwonya amwambie daktari kuhusu vidonge, akakataa, nikamwambia daktari mwenyewe kupitia dirishani, akaninunia nusu siku. Vipimo vya kwanza vikarudi safi, vya pili pia. Yeye alikuwa na malaria. Mimi nilikuwa na dawa, kama nilivyosema tangu barabarani. Yule daktari kijana aliniletea ndoo yangu mwenyewe, amechoka, akaomba msamaha. Barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Nilimpigia simu daktari wa Kigali, akasema zile sindano nisizitumie.

Nilirudi Mususa bila dawa, na kwa kusema kweli, bila hamu nayo. Ijumaa ya kwanza nilikula makayabu, nikalala usingizi mzuri, Jumamosi nikashona kutwa. Yaya Masika alikuwa na furaha isiyofichika. "Unaona? Uko muzima!" Ijumaa zikafuatana hivyo, tamu. Binamu yangu alipiga simu kwamba boksi jingine limepatikana, nikamwambia asiharakishe. Kisha asubuhi moja, nikiwa nakata kikwembe cha arusi, mkasi ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka. Mkono wa kulia haukuumwa wala haukutetemeka. Ulikuwa tu haunisikii. Mpaka jioni mguu wa upande ule nao ukafuata, na Yaya Masika ndiye aliyenibeba kwenda chooni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumsikia akinyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko mguu.

Nililazwa, nikawekewa dripu za kupunguza uvimbe wa neva, na mkono ukarudi polepole, si wote. Mguu mpaka leo una deni lake. Nilikuwa nyumbani, nimekaa kitandani na mpira wa kubinya mkononi, mlango uliposukumwa na gunia la viazi, na nyuma ya gunia kilemba cha buluu. Alikuwa ameniulizia kwa washonaji wote wa mjini, na wao wakampa habari zangu zote.

"Ni weye njo unaacha dawa?" alisema kabla ya salamu. "Weye wa kunisemea kwa docteur?"

"Mama Mbambu, ile fièvre inanimaliza."

"Na mukono? Haikumalizike?"

Yaya Masika akatokea jikoni kutaka kujua ni nani anayefokea mgonjwa wake. Wakatazamana. Nilidhani watapigana. Lakini Mama Mbambu akatoa kwenye mkoba wake kipande cha kitambaa, akafungua fundo, na ndani mlikuwa vidonge vyake vya tension. Akaomba maji, akameza kimoja mbele yetu, na kumwambia Yaya aonyeshe choo kiko wapi, kwa sababu baada ya muda mfupi atakihitaji sana. Yaya alicheka mpaka akaegemea ukuta. Siku ile tulikubaliana: nikijichoma, na yeye anameza. Nisipojichoma, anaacha, na kama atakufa nitaenda kueleza Musienene.

Daktari wa Kigali, nilipompigia tena na safari hii kumweleza homa ilivyo hasa, bila adabu ya "inavumilika", alisema tuanze upya kwa robo ya dozi, kisha nusu, tupande taratibu, na paracétamol nimeze kabla ya sindano, si baada. Robo ya dozi! Jambo jepesi namna ile, na hakuna aliyelisema mwanzoni, wala mimi sikuuliza, kwa sababu niliambiwa mafua kidogo nikaona aibu kusema nakufa. Homa bado ilikuja, lakini ilikuja kama mgeni anayebisha hodi. Mama Mbambu akawa anashuka Ijumaa baada ya soko, anakaa kwenye kiti cha wateja, anaweka mkono kwenye paji la uso wangu na kutangaza hali kwa Yaya Masika aliye jikoni, wakibishana kwa kelele kama Bikira Maria anafaa kuombwa habari za homa.

Karibu na mwisho wa mwaka nilijichoma dozi kamili. Walikuwa wamejiandaa kama watu wanaongoja uzazi: chai ndani ya thermos, blanketi tatu, beseni, kitambaa cha maji. Mama Mbambu alikuwa ameacha mazoezi ya kwaya ya Noeli, na alihakikisha sote tunajua. Tukangoja. Tukala viazi. Tukangoja tena. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso, kisha kwenye la kwake, kisha kwenye la Yaya.

"Haina kitu," alisema.

"Ngoja kidogo," alisema Yaya. "Itakuja."

Haikuja. Yaya akasema lazima masista walizima friji. Mama Mbambu akatazama chupa tupu ya sindano kwenye mwanga kama aliyeuziwa mafuta yaliyochanganywa maji. Nikampigia daktari, akacheka, akasema ni kawaida, mwili umezoea, tushukuru. Niliwatafsiria. Hakuna aliyeshukuru.

"Miye nimetoka Musienene," alisema Mama Mbambu, akikunjua blanketi ya kwanza. "Nimeacha kwaya. Ulale."

"Lakini niko sawa!"

"Ulale, nimekuambia."

Yaya akachukua blanketi ya pili. Nikalala, wakanifunika zote tatu mpaka kidevuni, wakazima taa, wakarudi jikoni kunywa ile chai yangu. Nikabaki pale gizani, mzima kabisa, nikatoka jasho mpaka wakaja kunigusa na wakaridhika.